Nimelipia Kaa Mara Mbili

Kidole gumba changu cha mkono wa kulia kimefungwa plasta yenye picha za katuni, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwamo kwenye mkoba wa shangazi. Aliyenijeruhi ni kaa. Tena si kaa mzima mwenye magando na hasira zake, la. Ni mguu mmoja tu wa kaa, uliokwisha kuchemshwa, ukagandishwa, ukasafirishwa hadi katikati ya jangwa la Mojave, ukalazwa juu ya barafu kwenye bufee ya kasino huko Las Vegas. Marehemu kanishinda. Mimi, mtoto wa Tanga, niliyeanza kuchokoa matundu ya kaa mikokoni kabla sijajua kuandika jina langu.

Kosa langu ni kuyasema hayo kwa sauti. Meza ya jirani alikaa mzee mmoja wa Kimarekani, kofia pana ya wachunga ng'ombe kichwani, pamoja na mkewe. Mama yule aliponiona nageuzageuza koleo la kuvunjia magamba, akaniuliza kwa upole kama nahitaji msaada. Nikacheka kicheko cha nahodha. Nikamwambia kwetu kaa tunampasua kwa mchi, koleo tunawaachia mafundi bomba. Kisha nikabana.

Sasa, kaa wetu wa mikoko gamba lake ni gumu kama chungu: ukiligonga linapasuka, kazi imekwisha. Mguu wa kaa wa bahari za baridi una gamba jembamba lenye miiba midogo. Haupasuki. Unajikunja kama mrija, halafu unateleza. Wangu ulinichoma kidole kwanza, ndipo ukateleza. Ukaruka juu ya kibakuli cha siagi iliyoyeyushwa, ukachovya ncha yake humo kwa adabu zote, ukaendelea na safari, ukatua kwenye keki ya yule mzee. Wima. Kama mshumaa.

Mzee akautazama kwa muda. Mkewe akautazama. Watoto wa meza ya tatu wakasimama kwenye viti ili nao wautazame. Kisha mzee akaung'oa kwa vidole viwili, akaupangusa siagi kwa tishu, akaninyooshea: "Nadhani huu ni wako, nahodha."

Kabla sijapata jibu, mhudumu akatokea na bibu ya plastiki iliyochorwa kaa anayecheka. Hakuniuliza. Alinifunga shingoni kama anavyofungwa mtoto anayeanzishwa uji, akanipigapiga begani, akaenda zake. Sikuthubutu kuitoa. Shangazi, ambaye kaa hali, aliyashuhudia yote huku akitoa miiba ya samaki wake bila haraka.

"Kumbe wale kaa uliokuwa ukituletea nyumbani," akasema, "ulikuwa ukiwanunua."

Nilikuwa na dakika 40 za kuishi na maneno hayo, maana bufee ile ina saa: dakika 90, ukizimaliza unaombwa upishe wengine. Na tulilipa dola 75 kwa kila kichwa. Nikiwa siwezi tena kula kwa raha, nikaanza kuuchunguza mpango wa chakula, na kusema kweli nilivutiwa kuliko nilivyokasirika.

Kitu cha kwanza kukutana nacho ni mkate. Mkate wa moto, wenye harufu ya kumfufua mtu. Halafu saladi, halafu tambi, halafu viazi vya namna nne. Umeshajaza sahani, na sahani yenyewe ni kama kisosi kilichopandishwa cheo, ndipo kwa mbali, nyuma ya foleni, unawaona kaa na nyama ya ng'ombe. Nyama haikuachwa ijilinde yenyewe. Imesimamiwa na bwana mwenye kisu kirefu, anayekukatia ubale unaoweza kusomea gazeti ukiwa umeushika mbele ya macho. Unaweza kuomba wa pili, lakini itabidi uombe, huku nyuma yako pana watu 12. Aibu ndiyo mizani yao. Kwenye harusi za kwetu kazi hiyo hufanywa na mama mmoja mwenye mwiko, ambaye kwanza hukutazama usoni akumbuke wewe ni wa upande gani. Sikujua kuwa ni taaluma ya kimataifa.

Zamani chakula hicho kilikuwa chambo tu. Husimuliwa kuwa bufee za mji huu zilianzia El Rancho Vegas, hoteli ya kasino iliyofunguliwa mwaka 1941. Maonyesho ya usiku yakiisha wageni walikuwa wakienda kulala, na aliyelala hachezi kamari. Basi wakatandikiwa meza ya chakula kwa dola 1, kula mpaka useme basi. Hasara ya nyama ilirudi kwenye meza za karata. Sisi Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone, tukikusudia baraka. Hawa jamaa waliuchukua msemo wetu, wakaupeleka kwa mhasibu.

Binamu yangu, aliyetuleta kisha akawahi zamu yake ya usiku, alikuwa ameniusia: "Kaka, usiguse mkate." Niligusa. Vipande viwili. Tuyaache hayo.

Dakika 90 zikatimia, tukatoka. Ninaposema tukatoka nina maana tulianza kutoka. Kasino haina mlango wa kutokea, ina matumaini ya mlango wa kutokea. Kila njia inapita katikati ya mashine, na kila njia inapinda. Hilo nalo limesomewa: mwaka 2000, Bill Friedman, aliyewahi kuendesha kasino, alichapisha kitabu cha kuwafundisha wenye kasino kwamba dari fupi na njia za kupindapinda huwafaa kuliko kumbi pana, na kwamba pambo bora la kasino ni vifaa vya kamari vyenyewe. Wapo wabunifu waliokuja kumpinga kwa kumbi zenye nafasi na mwanga. Hatukubahatika kupotea kwenye jengo la wapinzani.

Shangazi alitembea ameinamisha kichwa, ushungi umevutwa hadi nyusi, midomo ikinong'ona istighfari. Ili kumchangamsha nikamweleza kwamba sehemu kubwa ya barabara ile ya makasino haimo hata ndani ya mipaka ya mji wa Las Vegas. Kiserikali ni eneo linaloitwa Paradise, yaani Peponi. Akasimama. Nikadhani amekasirika, kumbe ni magoti.

"Nitafutie pa kukaa, mwanangu."

Nikatafuta. Viti vilikuwepo kwa mamia, vya ngozi, vyenye mito ya mgongo, vinavyozunguka. Kila kimoja kilikuwa mbele ya mashine. Nilizunguka dakika kumi nikitafuta benchi, kigoda, hata ngazi. Hakuna. Nikamketisha kwenye kiti cha mashine, na kabla hajavua kiatu, mlinzi akafika. Kijana mstaarabu, kwa kweli. Akasema viti hivi ni vya wachezaji.

Nikachomoa dola 20, nikazitumbukiza.

"Unafanya nini?" akauliza shangazi.

"Nalipa kodi ya kiti."

Akafikiri kidogo. Akakizungusha kiti mpaka akaipa mashine mgongo, akatoa tasbihi. "Mimi nimekaa, wewe ndiye unayecheza. Dhambi yako, kiti changu."

Mashine ilijiita ya senti moja. Uongo. Senti moja ni ya mstari mmoja, na mistari ni 50, na hairuhusiwi kucheza pungufu, hivyo kila ukibonyeza zimekwenda senti 50. Nilijifundisha kubonyeza pale tu mlinzi anapopita. Katikati nilipata nafasi ya kuisoma, na ni chombo cha ajabu. Zile picha za cheri na kengele zinazozunguka hazichezi chochote. Zinatangaza habari tu. Ndani mna programu inayochagua namba mfululizo, usiku kucha, hata kiti kikiwa kitupu, na matokeo yako yameshaamuliwa kidole kikiwa bado juu ya kitufe. Ujanja mwingine ulipewa hataza mwaka 1984 kwa jina la Inge Telnaes: picha mbili zilizo sawa machoni zinaweza kugawiwa namba zisizo sawa, ile ya kukutajirisha ikapewa moja na ile tupu ikapewa rundo. Mashine za dubwi za vijiweni kwetu ninazijua. Hii ilikuwa shangazi yao mwenye shahada.

Kilichoniudhi ni nyimbo. Niliweka senti 50, nikarudishiwa 20. Kwa hesabu ya shule nimepoteza 30. Mashine ikawaka taa zote, ikapiga vinanda, sarafu za picha zikamwagika kama harusi ya sultani. Shangazi akageuka: "Umeshinda?" Nikamjibu kwamba nimefiwa, ila msiba una bendi.

Alipumzika dakika 25. Nilipobonyeza kitufe cha kutoka, ilibaki tiketi ya senti 17, pungufu ya mchezo mmoja. Kibanda cha malipo hakitoi sarafu, kikaniuliza kama ningependa kuzitoa sadaka. Kwa mara ya kwanza maishani nikaikataa sadaka, nikapanga foleni dirishani kwa mwanadamu, nikazipokea senti zangu nikiwa bado nimevaa ile bibu.

Tulipotea tena mara mbili.

Lakini mguu wa kaa nimekwisha kuusamehe. Kiti sijakisamehe. Kwetu Tanga, mtaani Ngamiani, mtu akijenga nyumba ya vyumba sita vya udongo, huacha baraza mbele. Hajui ni nani atakayeketi pale. Muuza kahawa, mgonjwa aliyetoka hospitali kwa miguu, mzee asiyemfahamu: wote watakaa, wala hakuna atakayewauliza kitu. Kwenye jumba lile niliona mabwawa, sanamu za marumaru, mnazi wa kweli uliopandwa ndani ya nyumba. Waliweza kuleta mnazi jangwani. Benchi liliwashinda. Na halikuwashinda kwa kusahau, maana jengo linalohesabu unene wa ubale wa nyama halisahau kiti. Mtu alikaa ofisini, kwenye kiti chake, akapiga hesabu ya magoti ya wazee, akaona yana faida.

Saa tano usiku tukafika kwenye maegesho. Shangazi akajishusha kwenye ukingo wa saruji kando ya gari, akanyoosha miguu, akashusha pumzi. Akatazama kushoto na kulia kama mtu anayeogopa kufumaniwa.

"Na hapa," akaniuliza, "wanatoza ngapi?"

Nikalisoma bango la bei lililokuwa juu ya kichwa chake. "Tukipitisha dakika tano zijazo, shangazi, dola 20."

Akanyoosha mkono nimuinue.