Kilomita 73 za Mbwembwe

Kutoka uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi wa Abeid Amani Karume, Unguja, ni kilomita 73 hivi angani. Chalinze ni mbali zaidi, wala sijasikia mtu akiaga majirani kwamba anapaa kwenda Chalinze.

Bwana mkubwa wetu lakini haendi Unguja, "anasafiri". Anaamka alfajiri, anasota kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere, anavua mkanda, anavua viatu, begi linapimwa kana kwamba ni korosho za mnadani. Kisha anakaa kwenye kiti cha bati akisubiri, muda unaotosha boti kuwa imeshapita Bagamoyo.

Ndege yenyewe ya pangaboi moja; rubani unamwona kisogo, na jasho lake. Dakika 20, kwisha. Hata karanga hazijafunguliwa.

Jioni anapiga simu nyumbani, sauti imelegea: "Mke wangu, leo niacheni nilale. Nina uchovu wa safari." Na saa ya mkononi, eti, bado hajairekebisha.