Zombi Haruhusiwi Kanda ya 5

Chukua DVD halali, ile ya dukani yenye risiti, ugeuze kava lake nyuma. Chini pembeni utaona kidunia kidogo chenye namba katikati. Namba hiyo ndiyo uraia wako, na wala haina habari na pasipoti uliyoipangia foleni. DVD zilipoingia sokoni miaka ya 1990, wakubwa wa sinema walikaa wakaigawa dunia. Marekani na Kanada wakajichukulia namba 1. Ulaya Magharibi, Japani, Mashariki ya Kati, Misri na Afrika Kusini wakapewa 2. Hong Kong na jirani zake 3, Australia na Amerika Kusini 4, China akabaki peke yake na 6 yake. Sisi wengine, kuanzia Tanzania na Kenya mpaka Kongo, tukasukumiwa namba 5 pamoja na India, Urusi, Mongolia na Korea Kaskazini.

Sina ugomvi na Wamongolia. Ninachouliza ni nani aliyeamua kuwa Muscat na Unguja, zilizowahi kuwa chini ya sultani mmoja, leo zisiweze kuazimana sinema. Shemeji yangu wa Muscat ni mtu wa Kanda ya 2. Dada yake, tumbo moja, ambaye ndiye mke wangu, ni wa Kanda ya 5. Ipo hata Kanda ya 8, ambayo ni ya ndege na meli za kimataifa. Boti ya Unguja haimo.

Wanasema ilikuwa kulinda majumba ya sinema. Filamu ilianza kuonyeshwa Marekani, ikachukua miezi kufika London, kwa hiyo waliogopa DVD isije ikaitangulia. Kwa filamu mpya nitakubali, shingo upande. Lakini mimi ninayoitaka ni Profondo rosso ya Dario Argento, iliyotoka mwaka 1975, Mwalimu bado yuko Ikulu. Hapo linalindwa jumba lipi?

Ndiyo, ugonjwa wangu ni filamu za kutisha za zamani, za Kiitaliano hasa, zile ambazo damu inaonekana wazi kuwa imetoka kwenye kopo la rangi. Mke wangu, Mama Zuhura, haziiti filamu, anaziita "maiti zako". Na wenye ugonjwa huu hatuishii kutazama, tunalinganisha matoleo. Filamu hiyo hiyo ina toleo la Marekani, la Uingereza, la Ujerumani, la Hong Kong, na kila moja limeacha kitu nyuma. Huyu kapewa dakika nyingi, yule kapewa picha safi, mwingine kapewa muziki, na aliyepewa vyote hajazaliwa.

Hiyo Profondo rosso yenyewe, kwao Italia inakwenda dakika 126. Ilipouzwa nje ikakatwa zaidi ya dakika 20, nyingi zikiwa za utani na mapenzi kati ya mpiga piano, David Hemmings, na mwandishi wa habari, Daria Nicolodi. DVD ya Marekani ikazirudisha dakika zile. Kwa hilo nawashukuru. Ila vipande vilivyorudishwa havikuwa na sauti ya Kiingereza. Basi unamwona Hemmings ameanza mazungumzo kwa Kiingereza safi, mara anajibu kwa Kiitaliano, maandishi yanachomoza chini, mwenzake naye anamjibu kwa Kiitaliano wala hashangai, na baada ya muda kidogo wote wawili wamerudi kwenye Kiingereza kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mama Zuhura alikuwa anapita na beseni la nguo. Akasimama.

"Baba Zuhura, huyo kapandwa na pepo?"

Nikamweleza kuwa hapana, ni dakika zilizorudishwa.

"Basi wangerudisha na lugha yake."

Hakukosea. Kwetu mtu akibadili lugha katikati ya maneno haulizwi toleo gani, anatafutiwa mganga na ubani. Hata hivyo toleo hilo refu ndilo ninalolipenda, pamoja na mapepo yake. Ukiondoa utani ule, ukaondoa na kigari cha Nicolodi ambacho kiti cha abiria kimezama mpaka Hemmings anasafiri kama mtoto aliyefichwa, unabaki na mauaji matupu, na mauaji matupu yanachosha.

Sasa njoo kwenye zombi, ndipo mwenye presha asogee pembeni. Mwaka 1978 George Romero alitoa Dawn of the Dead, wafu wakivamia duka kubwa la Pennsylvania. Argento alikuwa amesaidia kupata fedha, akapata haki ya kuihariri kwa ajili ya Ulaya. Toleo la Romero lina dakika 127. La Argento lina 119, utani umepunguzwa, muziki wa kundi la Goblin umejazwa, na Italia likaitwa Zombi. Kuna na refu la dakika 139 lililopelekwa Cannes, ambalo kila mwenye ugonjwa huu hulisifu na mimi naliona linatembeza watu dukani kupita kiasi. Mwaka uliofuata, Lucio Fulci akatoa filamu isiyohusiana kabisa na ile, akaiita Zombi 2. Wamarekani wakaipa jina Zombie. Waingereza wakaiita Zombie Flesh Eaters. Wajerumani nao jina Zombie walikuwa wameshalitumia, kwa ile ya Romero.

Nisome vizuri hapo. Ukiagiza Zombie kutoka Marekani unaletewa kisiwa cha Fulci, ambamo maiti anapigana na papa chini ya maji, na papa mwenyewe ni wa kweli. Ukiagiza Zombie kutoka Ujerumani unaletewa duka la Romero. Mimi nilimwagiza mtoto wa dada aliyeko Houston na mpwa mwingine aliyeko Hamburg, jina moja wote, ili nilinganishe. Nikalinganisha papa na ngazi za umeme.

Halafu ile ya Hamburg ilikuwa imekatwakatwa kiasi kwamba watu wanapungua dukani na hujui wamekwenda wapi. Nilipolalamika, mpwa akanijibu kwa upole, "Mjomba, iliyo nzima wenyewe huku wanaiagiza Austria." Kweli kabisa, kwa miaka mingi wapenzi wa filamu hizi Ujerumani wamekuwa wakitegemea Austria wapate kilicho kamili. Austria ni Kanda ya 2, Ujerumani ni Kanda ya 2. Kumbe hata ndani ya kanda kuna kanda.

Waingereza ndio usiseme. Walipitisha sheria ya video mwaka 1984, na bodi yao ya ukaguzi ikapata meno. The Exorcist, ambayo huku watu waliitazama vibandani wakiwa wamebeba watoto mgongoni, Uingereza ilikaa miaka na miaka bila kibali cha video hadi 1999. The Evil Dead ya 1981 haikuruhusiwa bila kukatwa mpaka 2001. Na katika ile ya Fulci kuna mwanamke anavutwa nywele kupitia mlango uliovunjwa, na kibanzi cha ubao kinasogelea jicho lake. Kinasogea taratibu, taratibu, kamera ikiwa upande wa kibanzi, halafu upande wa jicho. Katika toleo la zamani la Uingereza, hapo hapo mkasi unapita.

Nisifiche, mimi nikifika hapo huwa nafumba macho. Lakini nataka nifumbe mwenyewe, nisifumbiwe na mtu wa London.

Mpwa wangu wa tatu yuko Leicester, na huyu ndiye aliyenisababishia usiku mrefu wa kupigiana simu. Alinunua ya Romero, toleo la Uingereza, akatazama saa, akaniambia kwa hasira nimeuziwa ndoto, kwake ni dakika 122, watu wamekula tano. Nikamwambia mjomba tulia, hakuna aliyekula. Filamu inapigwa picha 24 kwa sekunde. Televisheni za mfumo wa PAL, zilizoko Uingereza na hapa kwetu, zinaonyesha 25. Badala ya kuhangaika, wanaiachia filamu ikimbie. Kila dakika 100 zinakuwa 96, na sauti zote zinapanda kidogo. Hakuna kilichokatwa, kimeharakishwa. Sasa fikiria zombi wa Romero, kiumbe ambaye sifa yake kuu duniani ni kutokuwa na haraka, akifika Uingereza anaongezewa mwendo asilimia 4.

Marekani wana NTSC, wanakwenda mwendo wa filamu yenyewe, ila picha yao ina mistari 480 na ya PAL ina 576. Kwa hiyo chagua mwenyewe, maiti mwenye mwendo sahihi na sura hafifu, au mwenye sura safi anayewahi daladala.

Ukitaka kujua uonevu wa kweli, tafuta Army of Darkness ya Sam Raimi. Katika mwisho alioutaka mwenyewe, shujaa anapewa dawa ya kulala karne kadhaa, anahesabu matone vibaya, anazidisha, anaamka dunia imeshateketea. Wenye fedha wakaona huzuni imezidi, wakaagiza mwisho mwingine, shujaa yuko dukani anapiga mzimu risasi na anabusiwa. Sinema za Marekani zikapata dakika 81, toleo la mkurugenzi likawa 96, na katikati kukawa na la kimataifa la dakika 88, ambalo watu walilifuata mpaka kwenye diski ya Hong Kong, Kanda ya 3. Mimi niliyo nayo ni ya Marekani. Ya Hong Kong nilimwomba mfanyabiashara mmoja anayekwenda kuchukua mzigo Guangzhou anipitie. Akaniuliza ina uzito gani, nikamwambia haifiki robo kilo, akasema kwa robo kilo analeta simu.

Houston walinitumia pia ile The Evil Dead yenye kava la mpira lililofinyangwa uso wa mtu, mfano wa kitabu cha mashetani cha kwenye filamu. Kitu kizuri sana Houston, nyumba ina kiyoyozi. Hapa Dar, umeme ukikatika Februari, uso unaanza kunata. Mama Zuhura ameutoa sebuleni, akauwekea gazeti juu na chini, na gazeti nalo sasa halitoki.

Na hivi vyote vinachezwa na nini? Nilinunua deki ya kampuni yenye jina, bei ya kuuma, dhamana ya mwaka. Nikaweka diski ya Houston ikatema maandishi kuwa hii si kanda yako. Nikaenda kwenye kompyuta. Deki ya kompyuta inakuruhusu kubadili kanda mara tano, baada ya hapo inajifunga moja kwa moja. Hata talaka ina mwongozo ulio wazi, mbili za kurejea na ya tatu basi, na mtu anaijua tangu madrasa. Hii ya kompyuta inakuuliza kidogo kidogo kwenye kidirisha, unabonyeza ndiyo kwa kutaka kuona papa, siku unayotaka kurudi Uingereza unakuta umeozeshwa Marekani milele.

Nikapeleka ile deki ya bei kwa fundi Kariakoo. Akaitazama, akaomba rimoti, akabonyeza namba moja baada ya nyingine akiwa anaongea na mteja mwingine habari za subufa. Haikukubali. Akaisukuma pembeni, akavuta chini ya meza deki ya Kichina isiyo na jina, kifuniko kimefungwa kwa skrubu mbili badala ya nne. Akatia diski yangu ya Houston, ikacheza. Akatia ya Hamburg, ikacheza. "Hii haijui mipaka, mzee," akasema, "ila usiibebe ikiwa imewaka." Kwenye kibao cha pembeni alikuwa na DVD za mtaani za sinema 20 kwenye diski moja, na hizo hazina kidunia wala namba, zinacheza Kanada na zinacheza Kigoma. Aliyelipa kwa risiti ndiye anayeombwa kitambulisho.

Juzi nimeambiwa mambo yamebadilika. Blu-ray ina kanda tatu tu, A, B na C, na Afrika tumewekwa B pamoja na Ulaya na Mashariki ya Kati. Yaani mimi, shemeji wa Muscat, mpwa wa Leicester na yule wa Hamburg, wote kundi moja. Na zile mpya za 4K hazina kanda kabisa. Nikavaa, nikaenda mjini kuulizia deki yake. Maduka mawili hawakuelewa ninachosema. La tatu kijana akanisikiliza mpaka mwisho, Romero, Fulci, dakika, mistari, akaandika jina la filamu kwenye kikaratasi, akaniambia, "Mzee acha flashi, pitia jioni, shilingi mia tano."

Nikamuuliza ni toleo la dakika ngapi.

Akasema, "Ni ile iliyotafsiriwa Kiswahili."