Sifa za Sensa ya Krenki

Kwa miezi minne ratiba yangu ilipangwa na kitu kisichozidi kidole gumba. Kimechomekwa chini ya injini ya Hiace yangu ya mwaka 2005, kimeshikwa na boliti moja ya namba 10, na kazi yake ni kuhesabu meno. Sensa ya Serikali ilihesabu watu mwaka 2022, ikaenda kupumzika hadi miaka kumi ipite. Hii yangu huhesabu meno 34 kila krenki inapozunguka, na pengo la mawili yaliyoachwa makusudi hailisahau, maana hapo ndipo kompyuta inapojua pistoni zimefika wapi. Ikigoma, hakuna cheche wala petroli. Waziri gani ana mamlaka hayo?

Na ina adabu. Asubuhi haisumbui mtu. Inasubiri ipate joto, foleni ya Kimara ikolee, ndipo izime gari kimyakimya, bila hata kikohozi. Ukikaa nusu saa, linawaka kama si lenyewe. Ni hiyo iliyonifundisha kahawa ya wapi ni chungu kuanzia Kimara hadi Kibamba, na mama ntilie gani anakopesha.

Ukarimu wake kwa mafundi hausemeki. Mmoja alibadilisha pampu ya mafuta, wa pili plagi, wa tatu (huyu nilimpenda) akasema ni betri. Kila nikifika gereji, yenyewe imeshapoa, nzima kabisa, kama mtoto ambaye homa humtoka mlangoni kwa daktari.

Aliyeiumbua ni kijana mmoja mwenye mita na kikombe. Aliichomoa, akakichovya kichwa chake katika maji ya moto, na namba za mita zikapotea. Ikapoa, zikarudi. Ndani mna waya mwembamba kuliko unywele, akanieleza. Umekatika, ukipata baridi ncha zinagusana, ukipata joto zinaachana. Kufunga nyingine kulichukua dakika kumi. Miezi minne, jamani, kwa dakika kumi!

Ile ya zamani nimeitundika kwenye kioo cha ndani, karibu na tasbihi. Mpya ilikuwa ghali, kwa hiyo nilichukua ya mtumba Gerezani, muuzaji akaapa kwamba imetoka kwenye gari zima.

Juzi, pale Mbezi, gari lilizima. Mama ntilie alikuwa ameshanimiminia kahawa.