Mheshimiwa Fyuzi

Nimesikia wafalme wakisifiwa, majemedari wakisifiwa, wenyeviti wakisifiwa hadi wenyewe wakainamisha nyuso. Nimesikia hata kocha aliyeishusha timu daraja akishukuriwa kwa mchango wake. Sijasikia mtu akiisifu fyuzi ya plagi. Hiyo ni dhuluma, na leo ninaiondoa.

Namkusudia hasa yule Mheshimiwa anayeishi ndani ya plagi ya pini tatu, upande wa waya wa moto, kwenye adapta inayounganisha gari-nyumba na umeme wa nyumbani. Kama hujaliona gari-nyumba, ni gari lenye kitanda, jiko, choo na friji, ambalo Mwingereza hulinunua kwa fedha ambazo kwetu zingejenga nyumba ya kudumu, kisha akaenda nalo kulala kondeni kwenye mvua. Kabla ya safari huliegesha mbele ya nyumba yake, akalivutia waya kutoka soketi ya gereji ili betri ijae na friji ipoe. Umeme wote wa gari hilo la fahari hupitia tumboni mwa Mheshimiwa, ambaye urefu wake haufiki milimita 26: mwili wa kauri, vifuniko viwili vya chuma, na mchanga ndani.

Nasaba yake ni ya vita. Mwaka 1944 Uingereza ilikuwa imepigwa mabomu, nyumba zinahitajika kwa wingi na shaba ni adimu. Kamati ya wataalamu ikapendekeza waya wa soketi uzunguke nyumba nzima na kurudi ulikotoka, ukilindwa wote kwa ampea 30. Shaba ikaokolewa, likazuka swali: waya mwembamba wa taa ya mezani utangoja ampea 30 zifike ndipo uokolewe? Utakuwa majivu. Ndipo kila plagi ikapewa mlinzi wake. Kwenye kamati hiyo alikuwamo mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, aliyeshikilia suala la usalama, na pini ya ethi ikawa ndefu kuliko wenzake ili iwahi kufungua vilango vya ndani ya soketi ambavyo vidole vya mtoto haviwezi kuvifungua. Plagi yenyewe ikapata kiwango chake rasmi mwaka 1947, ikafuata bendera na biashara hadi Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na Muscat.

Sisi huku tulimpokea Mheshimiwa kwa ukarimu wa aina yake. Plagi ya pini mbili isipoingia, tunachomeka kalamu kwenye tundu la juu, vilango vinafunguka, simu inachajiwa, na mlinzi tumemwacha nje ya geti.

Tuje kwenye tabia zake. Watu wengi hudhani fyuzi iliyoandikwa 13 hukatika ampea zikizidi 13. Wanamvunjia heshima. Mpe 20, atazibeba nusu saa na zaidi bila kunung'unika, plagi ikipata joto la kuchoma kiganja. Ni kiongozi anayejua kwamba sheria ni sheria, ila pana watu na watu.

Akifa, hufa kimya. Haachi wasia wala maelezo, na kwa kuwa kauri haioneshi ndani, marehemu na aliye hai hufanana sura hadi nukta ya mwisho. Hapo ndipo gari la fahari linapozizima, na mwenye gari anaanza kufanya yale anayoyajua. Anapiga teke gurudumu. Analaumu betri, analaumu aliyemuuzia, anamuuliza mkewe amegusa nini. Anafungua boksi la swichi, anashusha na kupandisha kila kilichomo. Anapiga magoti kwenye majani yaliyolowa kukagua kiunganishi cha bluu kilichoko ubavuni mwa gari, naye huenda hajapiga magoti tangu arusi yake. Niambie ni mhubiri gani amewahi kumshusha tajiri namna hiyo kwa kitu kinachouzwa senti chache.

Wanaomfahamu huisoma maiti. Mtu wa aina hii huchomoa plagi kwanza, humtoa Mheshimiwa kwenye vibano vyake na kumgusisha mita huku na huku. Mita ikilia, yu hai, amesingiziwa. Ikinyamaza, tunamzika na kuuliza alikufaje. Akifa papo hapo, swichi ilipoguswa tu, kuna shoti: waya umebanwa, umetafunwa na panya, au kiunganishi kimeingia maji. Akifa baada ya muda wa raha, ni mzigo. Na ikiwa iliyoruka ni ile swichi inayokata umeme unapovuja, msimsumbue hata kidogo. Swichi hiyo hushtuka kwa miliampea 30 zinazopotelea ardhini. Kwake yeye miliampea 30 ni chenji, ingawa zikizidi hapo zinaweza kumuua mtu.

Utukufu wake halisi huonekana yeye akiwa mzima na plagi inaungua. Legeza skrubu kubwa iliyo kati ya pini, ondoa kifuniko. Inatoka harufu ya samaki, ndiyo harufu ya plastiki iliyopikwa muda mrefu. Upande wa waya wa moto umegeuka kahawia. Kibano kilichomshika Mheshimiwa kimepoteza ukakamavu, kinampokea na kumwachia bila kubisha. Nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi, na skrubu inayozibana inazunguka kwa kidole, haihitaji bisibisi. Pale palipolegea pakiwa na ukinzani wa sehemu moja tu ya kumi ya omu, ampea 13 zikipita hapo huzaa karibu wati 17 za joto, ndani ya kitu kinachoenea kiganjani, usiku kucha, hita ikivuma. Yeye anayaona hayo yote kwa karibu kuliko mtu yeyote. Lakini ampea zinazopita ni 13, hesabu imetimia, na joto si wizara yake.

Hapo kumbadilisha ni kumwonea. Inatupwa plagi. Shaba iliyoungua inakatwa hadi ionekane safi, plagi mpya inakazwa skrubu zake kwelikweli, kisha soketi yenyewe nayo inakaguliwa, maana soketi iliyolegea itaichoma hata mpya. Waya nao unakunjuliwa wote kutoka kwenye roli, kwa kuwa ukiachwa umejiviringa unajipika. Kazi hii haina sifa yoyote, na aliyeifanya hatambuliwi na mtu.

Maadui hawakosekani. Wapo wanaomvisha marehemu sanda ya karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara na kumrudisha kazini. Wapo waliomfukuza kabisa wakaweka kipande cha msumari. Msumari haufi, ni kweli, na umeme haukatiki. Kitakachoungua kwanza ni waya unaotoka kwenye plagi hiyo, na hakuna anayeuona ukianza.

Ukivuka bahari kwenda Ufaransa, hutamkuta. Plagi za huko hazina fyuzi, na kambini gari-nyumba huchomekwa kwenye nguzo yenye swichi inayoruka yenyewe: ampea 6 kambi hii, 10 kambi ile, 16 penye neema. Ikiruka, unazima kimoja, unairudisha kwa kidole. Hata kambi za Uingereza kwenyewe ni hivyo hivyo. Hakuna msiba, hakuna bisibisi, hakuna kupiga magoti. Nawahurumia watu wanaolala chini ya utawala wa namna hiyo.

Wenye chuki husema kifo chake hakitatui kitu. Basi mtazame bwana wetu wa gereji. Jioni ya baridi ameiwasha hita ya chumba, wati 2,000, na hita ya maji, wati 1,400. Kisha akapachika birika la umeme la wati 3,000, ambalo peke yake linataka ampea 13. Jumla imekaribia 28. Mheshimiwa alistahimili kadiri ya uungwana wake, akaaga. Maduka yamefungwa. Kwenye droo zimebaki fyuzi nyekundu za ampea 3 tu, wasaidizi wasioweza kukalia kiti kile. Bwana akazunguka, akafikiri, akapata wazo lililomfurahisha sana: akafungua plagi ya birika, akatoa fyuzi yake ya kahawia ya 13, akaitia kwenye adapta. Taa zikawaka, friji ikanguruma, hita ikarudi. Akanyoosha miguu, akaagiza chai.

Mkewe akamwambia ataipata maduka yakifunguliwa.