Muulize Mwalimu: Beki wa Tano Hakusaidii

Nacheza Football Manager usiku, magari ya Segera na Morogoro yakishapungua. Huongoza 1–0 hadi dakika ya 80, naongeza beki wa tano, nawaamuru washambuliaji wakabe huko huko juu, kisha nafungwa. Nimeshauza makipa wawili. Niuze na nani?
Kocha wa Njia Panda, Chalinze

Kocha, usiuze mtu tena; makipa wale walihukumiwa kwa kosa la benchi. Mchezo huo hukupa mistari miwili ya kupanga: mmoja pale wanaposimama mabeki, mwingine pale timu inapoanza kukaba. Wewe umewashusha mabeki hadi mlangoni mwa kipa, ukawaacha washambuliaji wakikimbizana na mabeki wa wenzako. Katikati pamebaki shamba tupu, na kiungo wao anapokea mpira, anageuka, anachagua pa kuupeleka. Beki wako wa tano hamfikii, maana naye amepanga foleni nyuma na wale wanne. Wingi wa watu si ukuta. Tarehe 21 Januari 2024, kule San Pedro, Taifa Stars walikuwa mbele ya Zambia kwa bao la Simon Msuva, na tangu mwishoni mwa kipindi cha kwanza Zambia walibaki kumi. Dakika ya 88 Patson Daka akasawazisha kwa kichwa. Mtu wa ziada tulikuwa naye. Mechi moja haiwi kanuni, nakubali, ila inatosha kumtia shaka anayedhani kuhesabu watu ndiko kukaba.

Utasema mabeki wako ni wazito, wakipanda watapigiwa mpira mgongoni. Sawa, tazama kasi yao: ikiwa ni 9 kati ya 20, waache chini, lakini washambuliaji nao washuke. Mistari yote miwili juu, inafaa. Yote chini, inafaa. Mmoja Chalinze na mwingine Segera, huo ni msiba. Pingamizi zito zaidi ni kwamba ukibana kati watapita pembeni. Mtu wa Chalinze hahitaji kuelezwa hilo, kwani tangu lami ya Bagamoyo–Msata ikamilike, gari la Tanga laweza kutoka Dar bila kuiona njia panda yenu. Ila barabara ya Msata humfikisha msafiri Tanga, na ya pembeni mwa uwanja humfikisha winga kwenye kibendera cha kona. Hapo atapiga krosi. Krosi nazo hufunga, kichwa cha Daka ni shahidi, lakini mabeki wako wazito, wakiwa warefu, wataziona zikija; pasi ya katikati huwakuta wamegeuka.

Basi leo dakika ya 80 mwache beki wa tano benchi, ingiza kiungo mkabaji, na ushushe mstari wa kukaba. Na ile tabia ya kuzima kompyuta kabla mchezo haujahifadhi kipigo, tunaijua. Acha.