Memori ya Kukopa

"We kijana, ukurasa wangu u wapi?" Mzee aliuliza hivyo, na saiba nzima ya Malindi ikageuka kunitazama. Mwenye saiba, kwa upole unaouma kuliko kofi, akaniomba nikachezee kwingine. Masikio yangu bado yanawaka.

Mchezo wenyewe ni mistari michache ya lugha ya C. Programu ikitaka memori huiomba kwa malloc, ikimaliza huirudisha kwa free. Ni kama kuazima masufuria ya arusi: usiporudisha, arusi ijayo watapikia ndoo. Programu yangu iliazima megabaiti moja, ikasahau ilikoiweka, ikaazima nyingine, bila kikomo. Nilitaka nione memori ikivuja kwa macho yangu.

Ajabu, mwanzoni haikuvuja! Linux haina choyo: ukiomba inaitikia, lakini kwa kweli haikupi kitu mpaka uandike humo. Gigabaiti za ahadi tupu. Nikaongeza mstari wa kujaza herufi kila megabaiti.

Sasa, saiba ile ilikuwa na kompyuta moja inayoendesha skrini zote, nayo ilikuwa imeshajaa. Memori ikiisha, kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, hutafuta wa kuua. Kila programu hupewa alama kwa kadiri ya memori iliyoshika; mwenye alama nyingi hufa. Haki tupu, ungedhani. Kumbe kuna brauza zinazoziongezea kurasa zao alama, zife mapema mashine ipone. Basi kurasa za majirani zikafa moja moja, ukiwemo wa mzee na ritani zake za kodi, jioni ya 30 Juni, siku ya mwisho. Programu yangu ilikufa baada ya wote, imeshiba.

Nilimweleza mzee habari za alama. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama kerneli itamlipia faini ya shilingi 2,000.

Nimeshachezea kwingine pia: Kilifi laptopu yangu iliganda. Watamu stima ilipotea kabla ya memori.

Lakini niulize: nani aliyeijaza mashine ile ya Malindi kabla yangu? Fomu ya jina na namba inakuja na mapicha na vikorombwezo vinavyomeza mamia ya megabaiti. Setilaiti iitwayo Uhuru iliruka kutoka Ngomeni, hapo kaskazini yetu, tarehe 12 Desemba 1970, bila gigabaiti hata moja, ikaenda kupima miale ya eksirei ya nyota.

Nyinyi mnaotutengenezea kurasa za fomu, tafadhali, zijaribuni kwanza kwenye mashine kuukuu ya saiba, watu sita wakiitumia kwa pamoja.