Jinsi ya Kumpokea Mwanafunzi Mgeni Marekani Asizoee Kamwe

Mwongozo huu ni wako, mkongwe wa chuo huko Minnesota, uliyepigiwa simu na shangazi: mtoto wa jirani anakuja kuanza masomo Agosti, umpokee. Waswahili tumesafirishana kwenda kusoma majuu tangu zamani. Septemba 1959 ndege iliyopangwa na akina Tom Mboya, mwanasiasa wa Kenya, ilipeleka Marekani wanafunzi 81 kwa mpigo. Uzoefu wote huo usikusumbue. Fuata hatua hizi.

Hatua ya kwanza: sherehe. Mlaki uwanjani kwa vifijo, mpikie pilau, piga naye picha. Picha zikishamfikia shangazi, kazi yako imekwisha.

Hatua ya pili: mwalimu. Siku ya kwanza profesa, mzee mwenye mvi na kaptula, atawaambia wanafunzi wamwite Dave. Mgeni wako amelelewa kwa shikamoo. Kinywa chake hakiwezi kutamka "Dave" mbele ya mvi zile. Mwache muhula mzima amwite kwa kukohoa. Mlangoni kwa Dave pamebandikwa saa za kuonana na wanafunzi, naye hukaa humo na kahawa yake akingoja waje. Mwambie mgeni kwamba anayekwenda ofisini kwa mwalimu ni mwenye kesi.

Hatua ya tatu: darasani. Msifu kwa kunyamaza, maana mkubwa akisema mdogo husikiliza. Silabasi aliyopewa inatenga alama za kuchangia mjadala, lakini silabasi ni ndefu, nani ana muda wa kuisoma? Mhakikishie kwamba mambo ni yaleyale ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: unapiga desa wiki za mwisho, mtihani unabeba mzigo, ukikwama kuna sapu. Oktoba atajigundulia kwamba vile vijaribio vya kila wiki vilikuwa vikihesabiwa, na kwamba sapu aliiacha Dar. Akiuliza kuhusu kunakili aya mbili za mtandaoni bila kutaja chanzo, mjibu kwamba elimu haina mwenyewe. Kamati ya nidhamu itammalizia maelezo.

Hatua ya nne: fedha. Nyumbani wanajua kwamba aliyefika Marekani ameshatajirika, na maombi ya simu mpya yameanza kabla hajafungua sanduku. Mtafutie kazi ya kubeba boksi usiku. Mfiche kwamba viza ya F-1 inaruhusu kazi za chuoni, zisizozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kwamba kazi ya nje bila kibali inaweza kumrudisha kwao. Akielemewa, mshauri ashuke chini ya krediti 12 kimyakimya, bila kuiuliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa. Ofisi ile ni pambo.

Hatua ya tano: Novemba. Jumapili ya kwanza ya mwezi huo saa hurudishwa nyuma, na ghafla saa kumi na moja jioni ni giza. Alhamisi ya nne ni sikukuu ya Shukrani: wenzake wamekwenda kwao, bwalo limefungwa, yeye anachemsha tambi bwenini. Akipiga simu, usipokee. Akikonda, mwambie ni baridi. Akiacha kutoka chumbani, mwambie ajikaze, mwanafunzi wa kweli halii. Usimtajie kwamba chuo kina washauri nasaha, asije akapata nafuu.

Ukiona hatua hizi ni nyingi, ipo njia ya mkato, ingawa siipendekezi. Kaa naye jioni moja msome silabasi mstari kwa mstari. Mfikishe mlangoni kwa Dave, ubishe hodi wewe. Mwonyeshe ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla hajaomba kazi yoyote, na Alhamisi ile mwite kwako mle pamoja. Hasara yake ni moja: atazoea, na Agosti ijayo atawapokea wageni vizuri kuliko ulivyompokea wewe.